Fahamu: Kwa nini Ifakara bado inahitaji kiwanja chake kidogo cha ndege

Daraja la Mto Kilombero limeondoa adha ya kivuko, na reli ya TAZARA inapita mjini. Ndege ya nini basi?

Jibu liko kwenye maji. Bonde la Kilombero, lililoingia orodha ya ardhi oevu za Ramsar mwaka 2002, ni tambarare kati ya milima ya Udzungwa na Mahenge. Masika mito ikifurika, barabara hukatika, na reli nayo huweza kukatika. Hapo ndege ndogo kama Cessna Caravan, inayobeba abiria wapatao 12, ni mkombozi: haihitaji lami, ilimradi ardhi iwe ngumu. Inaweza kuleta dawa, au kumchukua mgonjwa aliyezidiwa katika Hospitali ya St. Francis na kumfikisha Dar es Salaam mapema.

Tatizo ni kwamba udongo wa bonde, huu unaotupa mpunga, ukilowa hulainika na tairi huzama. Mitaro, kufyeka nyasi na kuzuia mifugo isikatize njia ya kurukia si mambo madogo hata kidogo. Usalama wa anga unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), lakini ng'ombe wanazuiwa na wanakijiji. Fedha zikipatikana, mitaro itangulie; jengo la abiria linaweza kusubiri.