Kutoka Uchezaji hadi Ualimu wa Ngoma

Neno "ngoma" lina maana zaidi ya moja: ni chombo kipigwacho, ni mchezo wenyewe, tena ni shughuli nzima iwakusanyayo watu. Mchezaji hana haja ya kuzitenganisha maana hizo. Mwalimu hana budi.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, serikali iliunda kundi la ngoma la taifa, likakusanya wachezaji wa makabila mbalimbali. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, baadhi yao walipewa kazi ya kufundisha.

Mchezaji aliyeipata sindimba utotoni, kati ya Wamakonde, huijua kwa mwili. Hakuambiwa goti likunjwe kiasi gani. Alitazama, akaiga, akakosolewa. Mwanafunzi atokaye mbali hana utoto huo. Huuliza: kiuno huanza kwa pigo lipi? Hapo stadi wa jukwaani hupungukiwa na maneno. Humlazimu kuigawa ngoma katika mapigo, hatua na wimbo, kukieleza kila kipande kwa Kiswahili, kisha kuviunganisha tena.

Katika kuunganisha ndipo penye hatari. Ngoma ihesabiwayo hatua kwa hatua huweza kupoteza majibizano ya mchezaji na mpigaji, nayo ndiyo roho yake. Kwa hiyo mwalimu mwema hafundishi hatua bila mpigaji kuwapo.

"Fundi" na "fundisha" ni maneno ya shina moja. Lakini fundi hawi mwalimu mpaka ajifunze upya lile alijualo.