Rangi za Povu la Sabuni

Katika mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, kama ilivyo kwingineko katika mwambao wetu, karai la kufulia ni chombo cha kila siku. Humo khanga hulowekwa, povu hufura, kisha maji humwagwa. Lakini mtu akiinama na kulitazama povu hilo kwa mwanga wa asubuhi, ataona katika kila kiputo rangi nyekundu, kijani, buluu na zambarau zikielea na kubadilika. Rangi kama hizo huonekana pia barabarani wakati wa masika, pale tone la mafuta ya pikipiki linapotandaa juu ya dimbwi. Wengi wetu huzipita bila kuuliza zimetoka wapi.

Hazikutoka katika sabuni, kwani maji ya sabuni yakitiwa katika gilasi hayaonyeshi rangi hizo. Hapa karai moja latufundisha aina mbili za rangi. Rangi ya khanga hutokana na dawa iliyoingia katika nyuzi zake. Dawa hiyo hufyonza sehemu ya mwanga na kuirudisha sehemu iliyobaki. Ikichujuka kwa kufuliwa, rangi nayo hufifia. Rangi ya kiputo haina dawa yoyote. Hutokana na wembamba wa utando wake.

Mwanga husafiri kwa mawimbi. Mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu hukaribia milimita 0.0007, na urujuani milimita 0.0004. Mwanga ufikapo kwenye utando, sehemu yake huakisiwa na uso wa mbele, na sehemu nyingine hupenya na kuakisiwa na uso wa nyuma. Mawimbi hayo mawili hukutana tena yanaporejea machoni petu. Kilele kikikutana na kilele, rangi hiyo huongezeka nguvu. Kilele kikikutana na bonde, hufutika. Unene wa utando, pamoja na pembe tunayoutazamia, ndio uamuao rangi ipi ibaki. Isaac Newton aliandika habari za rangi hizi katika kitabu chake cha mwaka 1704, na Thomas Young, Mwingereza mwenzake, akazieleza kwa njia ya mawimbi mwaka 1801.

Jaribio lake halihitaji maabara. Kunja waya uwe pete, ichovye katika maji ya sabuni, kisha ishike wima mbele ya kitambaa cheusi. Utaona mistari ya rangi ikishuka polepole, kwa sababu maji huvutwa chini na uzito wake, na utando huwa mwembamba juu na mnene chini. Baada ya muda sehemu ya juu hugeuka nyeusi. Hapo utando umekuwa mwembamba mno kuliko wimbi lolote la mwanga tunaouona. Na kwa kuwa wimbi liakisiwalo na uso wa mbele hupinduliwa, mawimbi hayo mawili hufutana. Weusi huo ni dalili kwamba utando u karibu kupasuka. Hivyo mwanafunzi ameutambua kwa macho yake wembamba ambao rula haiwezi kuupima.

Tabaka nyembamba za namna hii ndizo zing'arishazo pia manyoya ya ndege chozi afyonzaye maua uani, na upande wa ndani wa kombe la chaza wa lulu.

Tusidhani kwamba kuyatazama mambo madogo ni kupoteza wakati. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba katika mkoa huu wa Tanga, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa katika friji yangali moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alichekwa, lakini hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne walichapisha habari hiyo katika jarida la Physics Education, na wataalamu wangali wakijadiliana juu yake.

Basi walimu na wawape wanafunzi wao swali hili: kwa nini tone la mafuta huonyesha rangi nyingi juu ya barabara yenye maji, lakini juu ya barabara kavu huacha doa jeusi tu? Jibu litafutwe kwanza dimbwini, ndipo vitabu vifunguliwe.