Thamani Iliyotajwa na Mashine Haina Budi Kupimwa



Kazi ya kuandikisha ardhi yote ya Rwanda, iliyokamilika mwaka 2013, iliingiza katika daftari la serikali zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi. Miongoni mwa vipande hivyo yamo mashamba ya viazi na maharage ya Nyakiriba, mojawapo ya tarafa za wilaya ya Rubavu, juu ya mji wa Gisenyi. Mwenye shamba ana hati, na shamba lake lina namba. Lakini hati humwambia mtu kwamba ardhi ni yake. Haimwambii ina thamani gani.

Swali la thamani si dogo. Kwalo hukadiriwa kodi ya jengo. Kwalo benki huamua kiasi cha mkopo. Na kwalo hupangwa fidia iwapo barabara au bomba la maji litapita shambani. Kwa sababu hiyo Rwanda ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuanzisha na kusimamia taaluma ya wathamini wa mali zisizohamishika. Mthamini huenda mahali penyewe, hupima, hutazama kuta na paa, huuliza bei za jirani, kisha huandika ripoti yake na kuitia sahihi.

Hata hivyo, ni dhahiri kwamba wathamini hawawezi kutembelea mamilioni ya vipande kila mwaka. Ndipo linapokuja wazo la kuiachia kompyuta kazi hiyo. Kompyuta hupewa bei za mali zilizokwisha kuuzwa, pamoja na sifa za kila mali: ukubwa wake, umbali wake na barabara, na umbo la paa lake kama linavyoonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani. Kutokana na hayo hutafuta uhusiano kati ya sifa na bei, kisha hukadiria bei ya mali ambayo haijauzwa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo lililofanywa kwa majengo ya Kigali. Kwa hiyo jambo hili si ndoto.

Hatuna sababu ya kuipinga njia hii. Tunalopaswa kuuliza ni hili: nani anaikagua, na kwa kipimo gani?

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Huchukuliwa mali zilizouzwa kwa hiari, ambazo bei zake mashine haikuonyeshwa. Kadirio la mashine hugawanywa kwa bei halisi. Jibu likiwa 1, mashine imepatia, likizidi 1, imepandisha thamani, likipungua, imeishusha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya kwanza iliuzwa kwa faranga milioni 4, mashine ikasema milioni 6. Ya pili iliuzwa kwa milioni 10, mashine ikasema milioni 10. Ya tatu iliuzwa kwa milioni 40, mashine ikasema milioni 30. Majibu yetu ni 1.5, 1 na 0.75. Jibu la katikati ni 1 kamili, na mwenye kuiuza mashine hiyo aweza kujigamba kwamba haina kasoro. Kumbe mwenye nyumba duni atatozwa kodi kwa thamani iliyozidi nusu, na mwenye jumba atasamehewa robo.

Kwa hiyo kipimo cha pili huangalia majibu yametawanyika kiasi gani kutoka lile la katikati. Katika mfano wetu, wastani wa mtawanyiko ni asilimia 25. Kanuni za kimataifa za wakadiriaji wa kodi hutaka usizidi asilimia 15 kwa nyumba za kawaida, na 20 kwa nyumba za vijijini. Kipimo cha tatu ni kuwatenganisha wenye mali ndogo na wenye mali kubwa, mji na shamba, ili ijulikane kosa linamwangukia nani.

Hapa ndipo Nyakiriba inapohusika. Mashine iliyofundishwa kwa bei za Kigali haijui thamani ya udongo wa volkano wala ya matuta yaliyochimbwa kwa jembe miaka mingi. Vilevile, mahali ambapo ardhi hurithiwa zaidi kuliko kuuzwa, bei za kujifunzia ni chache. Na pale wanunuzi wanapoandikisha bei pungufu ili kukwepa gharama, mashine hujifunza uongo na kuurudia kwa uaminifu.

Kisha kuna wakati. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yalizipasua nyumba za Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na mto Sebeya ukafurika na kubomoa makazi wilayani humo humo. Picha ya angani huonyesha paa. Ufa ulio ukutani hauonyeshi. Bei za mwaka juzi haziwezi kueleza kiwanja ambacho sasa kila mtu anaogopa kujenga juu yake.

Makosa haya hayako Afrika tu. Nchini Marekani kampuni ya Zillow, mashuhuri kwa kukadiria bei za nyumba kwa kompyuta, ilinunua nyumba nyingi kwa kutegemea makadirio hayo. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo baada ya hasara kubwa, ikikiri kwamba kutabiri bei kumeishinda. Kampuni tajiri yaweza kubeba hasara yake. Mkulima aliyelipwa theluthi mbili ya thamani ya shamba lake hatapata shamba jingine kama lile.

Ndiyo maana ukaguzi haupaswi kufanywa na yule aliyeitengeneza mashine, na matokeo yake hayana budi kutangazwa kwa kila tarafa, wala si kwa wastani wa nchi nzima. Aidha, mlango wa kupinga lazima ubaki wazi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 juu ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma ilimpa mwenye mali asiyeridhika haki ya kuajiri mthamini mwingine anayetambuliwa, kwa gharama yake mwenyewe, ili kukadiria upya. Haki hiyo ni nzuri, lakini ada ya mthamini ni mzigo kwa mwenye shamba dogo. Kadiri mashine inavyokaguliwa vizuri mapema, ndivyo watakavyopungua wanaolazimika kuibeba gharama hiyo.

Kompyuta na ifanye hesabu, kwa kuwa ni hodari wa hesabu. Lakini bei iliyotajwa bila mtu kufika shambani na ichukuliwe kuwa ni kadirio, mpaka ilinganishwe na bei za kweli na kuonekana kuwa ni ya haki.