Neno "Shaba" na Utunzaji wa Sanamu za Miungu ya Kihindu

1.0 Utangulizi

Neno shaba hutumika katika Kiswahili kutaja metali tatu zilizo tofauti. Jimbo la Katanga, nchini Kongo, liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 kwa sababu ya shaba nyekundu inayochimbwa huko. Mwanariadha anayeshika nafasi ya tatu huvishwa medali ya shaba, na hapo hukusudiwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Sinia la manjano, ambalo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, nalo huitwa sinia la shaba. Katika Kiarabu, shabah ni hii ya manjano, iliyoitwa hivyo kwa kufanana na dhahabu. Mzizi wake ndio uliotupatia pia kitenzi shabihi.

Katika mazungumzo ya kila siku muktadha huondoa utata huo. Lakini anayeandika maelekezo ya kutunza "sanamu ya shaba" hana muktadha wa kumsaidia, na kosa lake laweza kuharibu kitu kisichoweza kurudishwa. Sanamu za miungu ya Kihindu zinalidhihirisha jambo hili vizuri.

2.0 Metali na Majina Yake

Kihindi kina maneno matatu: tamba ni shaba nyekundu, pital ni ile yenye zinki, na kansa ni ile yenye bati. Mji wa Moradabad, Uttar Pradesh, hujulikana kama Pital Nagri, yaani mji wa pital, kwa wingi wa mafundi wake. Kusini, katika mji wa Swamimalai, Tamil Nadu, umbo la mungu huchongwa kwanza kwa nta na kufunikwa kwa udongo. Nta huyeyushwa ikatoka, na metali ya moto humiminwa mahali pake. Kwa ufundi huo zilipatikana sanamu za enzi ya Chola, za karne ya 9 hadi ya 13, miongoni mwazo zile za Shiva akicheza ngoma.

3.0 Utunzaji

Sanamu ya pital hufifia kwa sababu unyevu, oksijeni na salfa iliyomo hewani hujenga utandu juu yake. Nchini India utandu huo huondolewa kwa ukwaju au ndimu, kwa kuwa asidi huuyeyusha. Njia hii inafaa iwapo sanamu itasuuzwa mara moja kwa maji safi na kukaushwa hadi kwenye mikunjo. Asidi ikiachwa huila zinki na kuacha mabaka mekundu.

Kwa Wahindu, sanamu iliyowekwa wakfu si pambo bali ni makazi ya mungu. Huogeshwa kwa maji, maziwa, asali na samli, kisha huvishwa nguo na maua. Kuisafisha ni sehemu ya ibada yenyewe. Nyuso za baadhi ya sanamu za kale zimelainika kwa kuguswa na kuogeshwa, na ulaini huo ni ushahidi wa vizazi vya waumini.

Sanamu ya kale iliyofukuliwa ardhini inadai kinyume chake. Utandu wake wa kijani huilinda metali na kuhifadhi historia yake. Ukisuguliwa kwa ukwaju, alama za mkono wa fundi huweza kupotea. Hata hivyo, unga mwepesi wa kijani ni dalili ya kloridi zinazoila metali kwa msaada wa unyevu. Maabara ya Makumbusho ya Serikali ya Madras, mji uitwao sasa Chennai, ilianza kuutibu ugonjwa huo kwa umeme katika miaka ya 1930. Tiba hiyo ni ya mtaalamu; mwenye sanamu aiweke pakavu na aishike kwa glavu. Onyo hili linazihusu hasa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kwenye mahekalu ya Kihindu na hewa yenye chumvi ya bahari.

4.0 Hitimisho

Upana wa neno shaba si kasoro ya Kiswahili, kwani umeyatosheleza mahitaji ya wasemaji wake kwa karne nyingi. Lakini lugha inapoingia maabara na makumbusho, inapasa kusema zaidi. Lebo itaje shaba imechanganywa na nini, na ieleze kama sanamu ingali katika ibada au imekuwa kumbukumbu. Bila maelezo hayo mawili, ushauri mwema wa kusafisha kwa ukwaju huweza kufuta katika dakika chache kazi iliyodumu miaka elfu moja.