Sanduku la huduma ya kwanza lipo, lakini ndani mna nini?

Safari hii nimeomba ukurasa niongelee kitu ambacho katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza kipo juu ya friji au chini ya sinki, kimejaa vumbi, na kina msalaba mweupe juu yake. Mimi nasomea uuguzi, mwaka wa tatu, na kila nikialikwa pilau kwa jamaa huwa naomba kufungua sanduku lao la huduma ya kwanza. Wameshanizoea. Ninachokikuta mara nyingi ni mkasi, pini nne, bendeji ya pembetatu ambayo hakuna anayejua kazi yake, na boksi tupu la plasta.

Plasta zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye visigino vya wabeba boksi. Mtu anaingia shifti ya usiku na viatu vipya vya kazini, asubuhi anarudi na malengelenge, anachukua plasta tatu. Si wizi, ndiyo kazi yake plasta. Shida ni kwamba sanduku la nyumba ya watu sita halina mwenyewe. Kila mmoja anadhani mwenzake amelijaza.

Mwaka juzi, Ramadhani, nilikuwa kwenye nyumba moja dakika chache kabla ya kufuturu. Dada mmoja wa Mombasa alikuwa anakaanga kaimati, karai likayumba, mafuta yakammwagikia mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Watu wakakimbia pande mbili: mmoja kwenye sanduku, mwingine bafuni kuleta dawa ya meno. Mimi nikampeleka kwenye bomba. Sandukuni mlikuwa na tyubu moja ya krimu iliyoisha muda wake miaka mitatu nyuma, basi.

Nieleze kidogo hapa, maana hii dawa ya meno tumekua nayo, pamoja na mafuta, yai na unga. Ngozi ikishaungua, joto halikomi pale pale, linaendelea kuipika nyama ya chini. Ukipaka kitu kizito juu unalifungia joto ndani, halafu hospitali watalazimika kukisugua ili waone jeraha. Kinachotakiwa ni maji ya bomba ya baridi, yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Angalia saa, maana dakika 20 ni ndefu na mgonjwa atakuambia imetosha baada ya dakika tatu. Barafu usiweke, nayo inaumiza ngozi. Pete na bangili zitolewe mapema kabla mkono haujavimba, lakini nguo iliyogandia kwenye jeraha usiivute. Hata kama muda umepita, maji bado yanasaidia mpaka kama saa tatu baada ya kuungua. Kisha funika kwa ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, uilaze juu bila kuizungusha ikabana. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja na vidole vya mgonjwa mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, miguuni au kwenye kiungo, ni hospitali. Yule dada tulimpeleka usiku ule ule. Kovu limebaki, dogo, na mkono unafanya kazi zote.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nyumba yenye jiko la Kiswahili ianze na roli ya nailoni hiyo. Halafu plasta za saizi mbalimbali, nyingi kuliko unavyodhani. Pedi safi za kufunikia vidonda, kubwa na za kati, zikiwa kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa. Bendeji za kuzungusha, gundi ya karatasi, glavu, mkasi unaokata kweli, kibano cha kutolea vibanzi, na kipimajoto. Pamba usiiweke juu ya kidonda kibichi, nyuzi zake zinagandia. Spiriti siililii, kidonda kidogo kinasafishwa vizuri kwa maji ya bomba. Na ile bendeji ya pembetatu ni ya kuning'iniza mkono ulioumia, ila leso au kanga safi inafanya kazi hiyo hiyo, na najua kila nyumba yetu inazo.

Dawa za kumeza ziwekwe mbali na sanduku, juu, hasa kwa waliokuja na familia. Hapa niwe mkali kidogo. Parasetamo inaonekana kama pipi, lakini mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na ukizidisha ini ndilo linaloumia, tena kimya kimya. Jamaa anaumwa mafua, anakunywa Panadol mbili, saa moja baadaye anakoroga Lemsip. Zote mbili zina parasetamo. Soma pakiti. Na zile antibayotiki tulizobeba kwenye begi kutoka duka la dawa la nyumbani, zilizobaki nusu dozi, si za kugawiana kama karanga.

Kipimajoto nimekitaja kwa sababu maalumu. Umetoka likizo Kisumu au Tanga, umerudi, unapata homa. Hapa kila mtu atasema ni mafua. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya safari, hata miezi, mara chache mpaka mwaka. Pima joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Wengine wanaogopa bili. Kwa England, huduma ya idara ya dharura hospitalini ni bure kwa kila mtu mpaka pale utakapolazwa, na mwanafunzi aliyelipia ada ya afya pamoja na viza ameshalipia na kulazwa.

Sasa gari. Uingereza sheria haimlazimishi mwenye gari binafsi kubeba sanduku. Ujerumani inamlazimisha, na wakikukuta huna wanakupiga faini. Sisi tunaochangiana mafuta kwenda London kwenye sherehe za Uhuru, watu watano ndani ya gari la mtumba, Desemba, giza linaingia saa kumi jioni, tusingoje sheria. Garini weka glavu, pedi kubwa za kukandamizia damu, bendeji, tochi, blanketi, maji na fulana ya kung'aa. Damu ikitoka kwa nguvu, bonyeza hasa kwa pedi au kitambaa safi, usiachie kila mara kuchungulia. Pembetatu ya tahadhari ni nzuri kwenye barabara za kawaida, lakini kwenye motowei usiiweke: tokeni kwa milango ya kushoto, simameni nyuma ya ule uzio wa chuma, mpige simu.

Sanduku la gari likae chini ya kiti, si kwenye buti, kwa sababu ukigongwa nyuma buti linaweza lisifunguke. Na dawa za kumeza usiziache humo. Gari lililoegeshwa juani linakuwa tanuri. Wenzetu wa Muscat wanajua zaidi. Gundi ya plasta inakufa na vitambaa vya kusafishia vinakauka ndani ya pakiti zao, kwa hiyo vitu vya garini vinahitaji kubadilishwa mapema kuliko vya nyumbani.

Namna ya kulifanya lisibaki tupu ni rahisi. Nyumba ichague mtu mmoja, jina lake liandikwe ndani ya kifuniko. Pitisha utepe wa karatasi kwenye kifuniko. Ukikuta umechanika unajua limefunguliwa, unaangalia nini kimetoka. Aliyetumia anaandika kwenye karatasi iliyomo ndani, na plasta zinanunuliwa kwenye hela ile ile ya sabuni ya vyombo. Ndani ya kifuniko andika pia anwani kamili ya nyumba na postikodi, kwa sababu mgeni wenu akipiga 999 ataulizwa alipo, na mgeni hajui. Kwa jambo lisilo la kufa na kupona kuna 111, simu yake ni bure.

Tarehe za kuisha muda mimi nazikagua mara mbili kwa mwaka, siku saa zinapobadilishwa, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mambo haya ya kusogeza saa mbele na nyuma nyumbani hatunayo, sijayazoea mpaka leo, lakini yamepata kazi: baada ya kusogeza saa ya ukutani nashusha sanduku, namwaga vitu vyote mezani, nasoma pakiti moja moja, halafu nashuka kwenye gari na tochi kuangalia kama betri bado zina moto.