Joto, Upepo na Uhai wa Tairi la Pikipiki

Pikipiki inayobeba abiria kati ya Upanga na Soko la Kariakoo husimama kila baada ya dakika chache. Hukutana na taa za barabarani, mikokoteni, wapita njia na magari ya mizigo ya Mtaa wa Msimbazi. Na kila isimamapo, matairi yake hupata nafasi ya kupoa. Pikipiki hiyo hiyo ikifungwa mizigo na kuelekezwa Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 800, hukabiliwa na hali tofauti kabisa: mwendo wa kasi usiokatizwa, lami iliyochomwa na jua, na uzito usioshushwa. Tairi ambalo mjini halikuwa na kasoro huweza kurudi likiwa kipara katikati, au huweza kupasuka njiani.

Jambo hili si la hasara ya fedha tu. Pikipiki ina magurudumu mawili, na moja likipoteza upepo ghafla, dereva hana la tatu la kumshikilia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyopo Upanga, hupokea majeruhi wengi wa ajali za pikipiki. Kwa hiyo yafaa kuuliza: ni nini hasa kinacholichakaza tairi katika safari ndefu? Wengi hutaja urefu wa njia. Fizikia huonyesha kwamba adui mkubwa zaidi ni joto, na kwamba joto hilo hutegemea sana kiasi cha hewa iliyomo ndani ya tairi.

Mzigo hubebwa na hewa

Mpira wa tairi peke yake hauna nguvu ya kubeba pikipiki. Kinachobeba sehemu kubwa ya uzito ni hewa iliyoshindiliwa ndani. Kanieneo ya hewa hiyo, ambayo madereva huiita upepo, ni nguvu inayosukuma kila kizio cha eneo. Ichukuliwe kwamba gurudumu la nyuma limebeba uzito wa nyutoni 1,300, na kwamba kipima upepo kinaonyesha kilopaskali 225, yaani karibu pauni 33 kwa inchi ya mraba. Tukigawa uzito kwa kanieneo, twapata eneo la tairi linalogusa barabara: takriban sentimita za mraba 58. Upepo ukishuka hadi kilopaskali 150, eneo hilo hupanuka na kufikia karibu sentimita za mraba 87.

Mtu aweza kudhani kuwa eneo kubwa ni faida. Lakini ili eneo lipanuke, ni lazima tairi lijikunje zaidi. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za bodaboda lina mzingo wa kiasi cha mita 1.8. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzunguka mara 12 hivi kwa kila sekunde, na kila sehemu yake hukunjwa na kukunjuliwa mara moja katika kila mzunguko. Kabla ya kufika Mbeya, kila sehemu ya tairi itakuwa imekunjwa zaidi ya mara 400,000.

Joto latoka wapi?

Mpira si springi kamili. Unapokunjwa hupokea nishati, na unapokunjuka hurudisha sehemu tu ya nishati hiyo. Sehemu iliyobaki hugeuka joto ndani ya mpira wenyewe. Mwanafunzi aweza kulihisi jambo hili kwa kuchukua ukanda mpana wa mpira, kuuvuta na kuuachia mara nyingi kwa haraka, kisha kuugusisha mdomoni: utakuwa na uvuguvugu.

Mpira hupitisha joto kwa shida, hivyo joto lililozaliwa ndani hukawia kutoka. Barabara nayo, jua la mchana likiwaka, huweza kupita nyuzi 55 za Selsiasi. Mpira uliopata joto jingi hulainika na kukwanguliwa kwa urahisi na kokoto za lami. Gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi za nailoni hudhoofika. Tairi lenye upepo mdogo huweza pia kuteleza juu ya ringi na kuuburuta mpira wa ndani, hata ukachanika penye valvu.

Kosa la kutoa upepo njiani

Wapo madereva wanaoamini kwamba wakati wa jua kali upepo upunguzwe ili tairi lisipasuke. Wanapofika Morogoro, baada ya kiasi cha kilomita 190, hupima upepo, huona umepanda, nao huutoa. Hesabu ifuatayo yaonyesha kosa lilipo.

Kanieneo ya gesi iliyofungiwa katika ujazo usiobadilika hulingana na halijoto yake ikipimwa kwa Kelvini. Kipima upepo huonyesha tu tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Hivyo kilopaskali 225 za kipimo ni kilopaskali 325 kamili, hewa ya nje ikiwa karibu 100. Hewa ya tairi ikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 57 za Selsiasi, yaani kutoka Kelvini 300 hadi 330, kanieneo kamili huwa 325 × 330 ÷ 300, yaani karibu 357. Kipimo kitaonyesha 257. Ongezeko hili ni la kawaida, na watengenezaji wa matairi hulitarajia.

Dereva akitoa upepo hadi kipimo kirudi 225, amepunguza molekuli za hewa. Usiku tairi likipoa na kurudi nyuzi 27, kanieneo kamili itakuwa 325 × 300 ÷ 330, yaani karibu 295. Kipimo kitaonyesha 195 tu. Asubuhi ataondoka na tairi linalojikunja zaidi, litakalopata joto zaidi kuliko jana. Huko ni kuukimbia mvua na kuingia mtoni. Kanuni ni kupima tairi likiwa baridi, kabla ya safari, na kufuata kipimo cha mtengenezaji, ambacho huongezeka pikipiki inapobeba abiria au mzigo. Kuzidisha nako kuna ubaya: tairi hugusa barabara kwa katikati tu, hulika hapo, na hupungukiwa na mshiko.

Kutoka pwani hadi nyanda za juu

Njia ya Mbeya ina somo jingine. Mji huo uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ya nje ni karibu kilopaskali 83. Tairi lililojazwa Upanga kwenye nyuzi 27 likipimwa Mbeya asubuhi yenye nyuzi 12, kanieneo yake kamili itakuwa imeshuka kutoka 325 hadi 309 kwa sababu ya baridi. Lakini hewa ya nje nayo imepungua; 309 toa 83 ni 226. Baridi na mwinuko vimefutana, na kipimo ni karibu kile kile cha pwani.

Jaribio la shule

Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani huuza matairi ya bei mbalimbali, na kila muuzaji husifia lake. Shule yaweza kuzipima sifa hizo. Wanafunzi waombe ruhusa ya mwenye pikipiki, wapime kina cha mfereji wa katikati wa tairi la nyuma kwa vernia, wakiandika kilomita zilizoonyeshwa. Warudie kila baada ya kilomita 500 na kuchora grafu. Ikiwa, kwa mfano, kina kimeshuka kutoka milimita 6.0 hadi 5.2 katika kilomita 2,000, tairi hupoteza milimita 0.4 kwa kila kilomita 1,000. Litafika milimita 2.0 baada ya kilomita 10,000 tangu lilipofungwa. Mstari ukipinda kuelekea chini, wanafunzi watafute sababu: upepo, mzigo, au mwendo.

Wasome pia ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, kwa kuwa oksijeni na ozoni huukausha na kuupasua nyufa ndogo. Hivyo tairi lenye mifereji mirefu laweza kuwa limekwisha kuzeeka, na mnunuzi ajuaye kuzisoma tarakimu hizo atalikataa kabla ya kulifunga kwa safari.