Vitabu vitatu vya kusomwa nyumbani

NENO la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni amri ya kusoma. Hata hivyo, nyumba zetu nyingi zina misahafu na vitabu vya fiqhi, lakini hazina hata kitabu kimoja kinachozungumzia afya ya watu wake, uangalizi wa wazee wao au fedha wanazozichuma kwa jasho. Mambo hayo huyajadili pale tu yanapotufika: mgonjwa yu kitandani, mzee hajiwezi, mdai yu mlangoni.

Leo tumeonelea tuwapendekezee wasomaji wetu vitabu vitatu, kimoja kipya na viwili vya miaka iliyopita ambavyo faida yake haijachakaa. Vyote ni vya Kiingereza.

Cha kwanza ni "Everything Is Tuberculosis", cha Mmarekani John Green, kilichotolewa mwaka 2025. Vimelea vya kifua kikuu vilitangazwa na Mjerumani Robert Koch mwaka 1882, na dawa za kuuponya ugonjwa huo zimekuwepo kwa zaidi ya nusu karne. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.25 walikufa kwa kifua kikuu mwaka 2023. Green anatafuta sababu kwa kumfuata kijana aliyemkuta mwaka 2019 katika hospitali ya Lakka, Sierra Leone. Alimdhania kuwa mtoto wa miaka tisa, kumbe alikuwa na miaka 17. Njaa na maradhi vilikuwa vimemdumaza. Anaonesha kuwa vimelea haviui peke yake, bali vinasaidiwa na umaskini, bei ya dawa na aibu wanayotwishwa wagonjwa.

Tuizingatie hiyo aibu. Hapa Tanzania vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa huanza kupata nafuu mapema, na hapo ndipo jamaa zake wanapotakiwa kuwa imara, kwani anayeacha dawa katikati huvipa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Familia inayomficha mgonjwa wake haiwezi kumsimamia.

Cha pili ni "Being Mortal", cha daktari wa upasuaji Atul Gawande, kilichotoka mwaka 2014. Anaandika juu ya uzee na siku za mwisho za mgonjwa, akiwemo baba yake mzazi, aliyekuwa daktari pia. Anasimulia habari za profesa mmoja mzee ambaye binti yake alimuuliza, usiku wa kuamkia upasuaji wa hatari, ni maisha ya namna gani angeyaona yanafaa kuishiwa. Mzee alijibu kwamba akiweza kula aiskrimu na kutazama mpira katika televisheni, yu radhi kuvumilia maumivu mengi. Baada ya upasuaji hali ilibadilika ghafla, na madaktari wakamtaka binti aamue upesi. Aliamua bila kubahatisha, kwa sababu alikuwa ameuliza.

Ni wangapi kati yetu wamewauliza wazazi wao swali kama hilo? Tunaogopa kuwa ni kuwachuria. Lakini dini yetu inamhimiza Muislamu mwenye cha kuusia asilale bila wasia wake kuandikwa, na kuusia hakujawahi kuharakisha ajali ya mtu.

Cha tatu ni "Portfolios of the Poor", cha mwaka 2009. Waandishi wake wanne walitumia kumbukumbu za fedha za kaya zaidi ya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini, zilizotembelewa mara kwa mara kwa muda wa mwaka mzima. Walikuta kwamba hata maskini sana huweka akiba, hukopa na hukopesha. Tatizo lao si uchache wa kipato peke yake, bali pia kuja kwake bila mpangilio. Akina mama wetu wa upatu watajiona humo. Mikopo ya riba imetajwa pia, na hapo msomaji atenganishe habari na mfano wa kuigwa.

Jambo kubwa tunalolichukua humo ni kuandika. Nayo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Mangapi yamewafarakanisha ndugu msibani kwa sababu hayakuandikwa!

Kwa kuwa lugha ya vitabu hivi si ya kila mtu, tunawausia vijana waliosoma: chukua sura moja kwa wiki, na baada ya Magharibi wasimulie wazazi kwa Kiswahili. Kisha nyamaza, uwasikilize wao. Wabillahi tawfiq.